Jina Lililokwisha Soma

Hortense Ngoie alikuwa na miaka arobaini na minne siku aliyopeleka maombi yake ya kusoma uchumi katika chuo kikuu cha Likasi. Alifunga meza yake ya samaki wa kukausha katika soko la Kikula, akanawa mikono kwa ndimu mara mbili ili harufu imtoke, akavaa kitenge ambacho kwa kawaida alikivaa kwa ibada tu. Hakumuaga mtu. Hata angetaka kuaga, nyumbani hapakuwa na wa kumuaga. Mume wake Albert alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Binti yake wa pekee, Deborah, alikuwa muuguzi Lubumbashi. Mdogo wake Angèle aliishi mbali, Kinshasa, na mume na watoto watatu, akifanya kazi katika kampuni moja ya bima.

Hamu ya kusoma ilimjia sokoni. Mwaka ule bei ya kobalti ilianguka, na kabla ya mwezi kwisha wachimbaji waliokuwa wakitoka Kambove kununua samaki wakaacha kuja. Samaki wa mto Lufira wakabaki wamelundikana mezani kama kuni. Hortense akajiuliza imekuwaje. Mahali fulani, katika nchi asiyoijua, mtu ametamka neno, na hapa Kikula sufuria ya mtu imekosa kitoweo. Aliwauliza akina mama waliouza jirani naye. Wakasema ni roho ya umaskini, wafunge na kuomba. Alifunga pamoja nao siku tatu, akaomba kwa moyo wote, na swali likabaki palepale.

Diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, alikuwa nayo. Aliipata mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa, sehemu ya biashara, wa kwanza katika darasa lake. Kisha akaolewa, akahamia Kambove, na karatasi ikabaki katika sanduku la mama yake. Baadaye alirudi Likasi, na mama alipofariki sanduku lilimjia yeye. Alipoifungua ile diploma aliona kwenye kona matundu mawili madogo yenye kutu, kama vile ilikuwa imebanwa pamoja na karatasi nyingine. Hakujiuliza zaidi.

Katika ofisi ya uandikishaji alipokewa na Cyrille, mtu wa makamo mwenye miwani na sauti ya chini. Cyrille aliandika jina lake kwenye kompyuta, akasita, akaliandika tena. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi na jalada lililofifia rangi.

"Maman, lakini weye ulishasoma hapa."

"Minye? Hapana, papa. Njo mara ya kwanza naingia mu nyumba hii."

Cyrille akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. "Ngoie Hortense. Alizaliwa Likasi, tarehe tatu ya mwezi wa tano, elfu moja mia tisa makumi munane. Numéro ya diplôme njo ileile. Ulimaliza graduat, ile miaka tatu ya kwanza, mu économie mwaka elfu mbili na tisa. Na distinction."

Akaligeuza jalada ili aone. Juu kulikuwa na picha ndogo. Uso ulikuwa wa Angèle, na masikioni alikuwa amevaa herini za mama yao.

Kitu cha kwanza kilichomtoka Hortense kilikuwa uongo. "Aksanti, papa. Nilisahau."

"Mutu anasahau diplôme?" Cyrille aliuliza bila ukali. Akaitazama picha, akamtazama yeye, akavua miwani. "Kama unapenda tunaweza kufungua dossier ya uchunguzi. Lakini itamufikia ule mutu wa mu photo. Na itamufikia mubaya. Uende kwanza ukafikiri."

Alirudi Kikula kwa miguu, na njiani miaka ya zamani ikaanza kujipanga upya. Angèle alishindwa mtihani wa serikali mara mbili. Mara ya tatu mama alisema amefaulu, na nyumba nzima ikacheza. Siku ya kutunukiwa shahada, mama alituma ujumbe Kambove kwamba sherehe imeahirishwa. Baada ya wiki akatuma mwingine kwamba imekwisha. Kwenye simu, miaka yote hiyo, Angèle alimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye alimwita mudogo. Jina halikuwahi kuhitajika kati yao.

Jumapili, baada ya kanisa, alipiga simu Kinshasa.

"Yaya! Ibada ilikuwa muzuri?"

"Angèle, kule ku kazi banakuita nani?"

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya maji ya bomba. Maji yakafungwa.

"Yaya..."

"Banakuita nani?"

"Hortense," Angèle akasema. "Hata bwana yangu Philippe ananiita vile. Hata batoto banajua mama yabo ni Hortense."

Hortense alikaa kitandani.

"Mama njo alinipa," Angèle akaendelea, sauti ikikatika. "Alisema, yaya yako alishaolewa, karatasi inaoza tu mu sanduku. Nilikuwa na miaka makumi mbili na moja. Nililia, yaya. Kisha nikakamata."

"Na juu ya nini hamukuniuliza?"

"Tuliogopa utakatala."

"Pengine ningekubali," Hortense akasema. "Njo ile inaniuma."

Angèle akasema haraka, kama mtu aliyeliwaza jambo hilo siku nyingi, "Ukifungua dossier, banafukuza minye ku kazi. Pengine banafunga minye. Lakini sikia, yaya. Kamata jina yangu. Angèle haikusoma fasi hata moja, iko wazi. Fanya examen d'État na acte de naissance yangu, ile karatasi ya kuzaliwa, kisha unaingia université."

"Na siku nitakufa," Hortense akauliza, "batazika nani?"

Angèle akafungua tena maji ya bomba.

Juma lile lilikuwa refu. Hortense alitamani kumwambia Deborah, akashika simu mara kadhaa, akaiweka. Shule ya uuguzi ya Deborah ililipwa na Angèle. Hospitali ya mama, hadi siku ya mwisho, ililipwa na Angèle. Sanduku la kumzikia Albert lilitoka kwa Angèle pia. Karatasi ile ilikuwa imewalisha wote, na yeye mwenyewe alikuwa amekula. Hakuona mtu wa kumlalamikia ambaye hakuwa ndani ya jambo lenyewe. Katika maombi alifunga macho, akakosa pa kuanzia.

Siku ya nane alirudi kwa Cyrille.

"Sifungui dossier," akasema.

Cyrille akaitikia kwa kichwa na kulifunga jalada.

"Lakini masomo, papa. Ninaweza kusikiliza?"

"Bila inscription hakuna examen, maman. Hakuna points, hakuna diplôme. Hata ukisikiliza miaka tano, ku karatasi hauko."

"Nilisikia."

Cyrille akaliweka jalada kando. "Auditoire, ile chumba kubwa ya masomo, haina funguo," akasema. "Premier graduat, mwaka wa kwanza, inaanza saa mbili ya asubui."

Ndivyo Hortense alivyoingia chuo kikuu. Siku ya kwanza vijana walisimama wote kwa heshima, wakidhani ndiye mwalimu. Walipojua siye, walicheka kidogo, wakamwita maman, na tangu hapo wakaacha nafasi tupu kuume na kushoto kwake kwenye benchi la nyuma. Haikuwa chuki. Hawakujua tu la kuzungumza na mtu wa umri wa mama zao. Wakati wa mapumziko walikaa makundi makundi chini ya ukuta, wakionyeshana simu, na yeye alikula mkate wake amesimama kando. Majina yalipoitwa asubuhi aliinamia daftari lake. Mwanzoni alifikiri atazoea. Hakuzoea. Kila asubuhi yaliitwa yote hadi la mwisho, na kila asubuhi kulikuwa na kitu kifuani mwake kilichongoja kuitika.

Sokoni alifika mchana, wateja wazuri wakiwa wameshapita. Wenzake walianza kumwita Madame Économiste, kwa mzaha kwanza, baadaye bila mzaha. Walipokwenda kumwombea mgonjwa walikuwa hawamtafuti tena. Walidhani yuko kusoma, hata siku alizokuwa hapo mezani akiwatazama wakiondoka.

Angèle alikuja wakati wa baridi ya mwezi wa sita, bila kutangulia kusema. Alitoka Kinshasa kwa ndege hadi Lubumbashi, kisha akafika kwa basi, amenenepa, macho yamevimba. Jikoni alifungua begi na kutoa kitu kilichofungwa ndani ya taulo. Ilikuwa shahada yake ya graduat.

"Jina njo yako," akasema. "Kamata, yaya. Minye nitaona."

Hortense aliipokea. Jina lake lilikuwa katikati, kwa herufi kubwa zenye mikia, na chini yake mhuri. Hakuwahi kuona limeandikwa vizuri namna ile. Akalisoma mpaka mwisho, kisha akaifunga tena ndani ya taulo na kuisukuma upande wa mdogo wake.

"Urudie nayo. Iko na kazi kule. Hapa itafanya nini?" Akaleta daftari. "Lakini hapa mwalimu alisema élasticité. Aliandika ma formules, sikusikia. Unielezee."

Angèle akacheka, kicheko kikageuka kilio, akajipangusa kwa ncha ya kitenge. Akavuta kiti.

"Sikia. Bei ya chumvi ikipanda mara mbili, bantu banaacha chumvi?"

"Hapana. Nani atakula bukari na mboga bila chumvi?"

"Na bei ya samaki yako ikipanda mara mbili?"

"Banaenda ku lengalenga, ku mboga ya majani."

"Njo ile! Chumvi inakatala kuvutwa, samaki inavutika. Sasa tuone vile banaandika."

Walikaa hivyo siku tatu, vichwa viwili juu ya daftari moja, sufuria ikiungua mara mbili jikoni. Angèle alieleza vizuri. Alikumbuka majina ya walimu, maswali ya mitihani, hata kosa moja la hesabu lililomnyima pointi mbili mwaka wa pili. Hortense alitambua kwamba mdogo wake alikuwa amesoma kweli, usiku na mchana, kwamba jina lile halikuchezewa. Alijivuna. Majivuno yenyewe yalimchoma, maana hakujua anajivunia nani.

Kwenye kituo cha basi Angèle alimkumbatia. "Nitamwambia Philippe," akasema shingoni mwake. "Nikifika tu."

Hortense alimpigapiga mgongo. Wiki zikapita, Angèle akapiga simu mara nyingi, akauliza habari za masomo, na la Philippe hakulitaja. Hortense naye hakuliuliza.

Mitihani ilipokaribia, msaidizi wa mwalimu, kijana aliyeitwa Samy, alimfuata kwenye benchi lake la nyuma. Alikuwa amemwona mwaka mzima akinakili kila neno. "Maman, siwezi kuandika points yako fasi yoyote," akasema. "Lakini maswali nitakupa kama bengine, na nitasahihisha." Hortense akaandika saa tatu nzima. Juu ya karatasi, mahali pa jina, aliandika Ngoie Hortense.

Karatasi ilirudi na kumi na tano juu ya ishirini. "Ungekuwa wa tatu mu promotion, mu darasa yote," Samy akasema, na akaona haya, kama mtu aliyetoa zawadi isiyoshikika. Hortense alimshukuru. Aliipitia mara nne kutafuta kama kuna mahali Samy alipomhurumia, hakupata.

Siku ya matokeo alikwenda kama wote. Orodha ilibandikwa ukutani, vijana wakapiga kelele, wakamwagiana poda nyeupe vichwani mpaka uwanja ukawa kama umeangukiwa na ukungu. Akina mama wa kweli walikuwapo na mashada ya maua ya plastiki. Mmoja wao akamgeukia, uso umejaa furaha. "Na weye, maman, mutoto yako njo nani?"

"Sikuya juu ya mutoto," Hortense akajibu.

Yule mama hakuelewa, akatabasamu, akavutwa na wenzake kwenda kupigwa picha. Hortense akasogea ukutani, akaisoma orodha yote, jina kwa jina.

Simu ikalia. Alikuwa Deborah.

"Maman, kuna makelele gani? Uko wapi?"

"Ku université."

"Unafanya nini kule?"

Hortense aliondoka penye watu, akakaa kwenye ngazi ya jengo. "Ninasoma," akasema. "Économie. Mwaka nzima sasa."

Deborah akaanza kucheka na kuuliza maswali yote kwa pamoja. Hortense akamweleza habari za bei, na kwa nini bei ya kobalti ikianguka huko mbali soko la Kikula linanyamaza. Alisema kwa muda mrefu. Hakuwahi kusema na binti yake muda mrefu namna ile tangu Albert afariki.

"Na diplôme, maman? Batakupa lini?"

"Bado," akasema. "Kwanza mwaka wa pili."

Deborah akaitwa wodini, akaaga mbiombio. Uwanja ulikuwa unapungua watu. Hortense akabaki amekaa kwenye ngazi, simu mkononi, akiwatazama wakitoka getini, weupe kwa poda, wakiitana majina.