Cheche za Zambarau

Baba ni fundi cherehani, na mguu wake una mazoea yake: akifika kwenye mzunguko wa kola, analegeza pedali. Kidole chake nacho kikaiga mguu, ndiyo maana kwenye gemu la mbio za vigari alikuwa anashika mkia kila siku.

Marehemu dada yangu ndiye aliyemfundisha, wamekaa bega kwa bega kwenye kochi. Ukiingia kona unabana kitufe, kigari kinaanza kuteleza kiubavu. Hapo usiachie. Matairi yatatoa cheche za buluu, ukivumilia zitakuwa za rangi ya chungwa, mwisho kabisa zambarau. Ukishanyooka, achia, utachomoka kama mshale. Ukibana kidogo unapata mbio kidogo. Ukiachia kabla ya cheche kushika rangi, huambulii kitu.

Baba alikuwa anaachia kabla hata ya buluu. Dada akambandika jina, Mzee Breki. "Baba, hiyo siyo kola," alikuwa akimwambia, na Mama kule jikoni anacheka mpaka anaweka mwiko chini.

Tangu tumzike Dada, Baba hakugusa cherehani. Shati la mteja lilibaki chini ya sindano, kola imeshonwa nusu. Mama alimbembeleza, mjomba akamgombeza. Wote aliwajibu kwamba mikono haina nguvu. Mimi nilitaka tu nimwone tena kwenye kile kiti chake cha cherehani. Jumapili mchana nikawasha gemu, nikamwekea mapajani rimoti ya Dada, nikakaa pale alipokuwa akikaa Dada.

Aliitazama weee, kisha akaishika.

Kona ya kwanza, akaachia. Ya pili, vilevile. Nikasikia sauti yangu inasema maneno ambayo hakuna aliyethubutu kuyasema tena humu ndani.

"Baba, hiyo siyo kola."

Akanigeukia. Nikajua nimeharibu. Akacheka kwa puani, akafuta macho kwa kiwiko, akaingia kona iliyofuata huku amebana. Buluu. Chungwa. Zambarau, ambayo hakuwahi kuifikia hata siku moja. Lakini kona ikaisha naye bado amebana, kigari kinajizungukia palepale, wenzake wote wanampita.

"Achia, Baba."

"Nikiachia zinazimika."

"Ndiyo, zinazimika. Lakini ndipo kinapokimbia."

Akakaa nazo kidogo, zile cheche. Halafu akainua kidole.

Kigari kikachomoka. Tulimaliza wa pili kutoka mwisho. "Mzee Breki huyo," akasema mwenyewe, akanirudishia rimoti mkononi taratibu, kama mtu anayekabidhi yai.

Jioni nilikuwa jikoni na Mama tuliposikia cherehani. Ilikwenda mbio, ikafika mahali ikalegea, ikapita polepole, kisha ikashika mwendo tena.

Mama akaweka mwiko chini, akasikiliza.