Shimo la Mwenyekiti

Kwa miaka kumi na moja, kazi kubwa ya mtunza bustani wa ofisi ile ilikuwa kuchimba shimo. Si mashimo jamani, shimo. Ua wote ulishasakafiwa kwa saruji ili magari yapate pa kukaa, kikabaki kipande cha udongo kisichozidi ukubwa wa meza ya kulia, mbele ya jiwe lililoandikwa "Tutunze Mazingira". Kila mwaka, siku ya mazingira ikifika, Mwenyekiti wa bodi alikuja, akapanda mti pale, akapigwa picha, akala keki, akaenda zake. Wiki tatu baadaye mti ulikuwa kijiti. Mwaka uliofuata mtunza bustani alikichomoa kile kijiti, akachimba palepale, na Mwenyekiti akaja tena kwa bashasha kama mtu aliyefika kwa mara ya kwanza. Wenzake wakambandika jina la Bwana Shimo. Hakulikataa, maana mle ndani kulikuwa na watu wenye vyeo virefu kuliko hilo na hakuna aliyejua wanafanya nini.

"Mazishi lini mwaka huu?" ndivyo alivyozoea kuuliza sherehe ikikaribia.

Mwaka huu mambo yakaharibika. Mti haukufa.

Kosa lilikuwa la mkewe, mfagizi wa ofisi hiyohiyo. Mfereji wa nyuma ulikuwa umeziba tangu mwaka jana, Meneja akaahidi fundi, na fundi mwenyewe mpaka leo yuko njiani. Basi kila jioni mama wa watu, akishasuuza matambara yake, alimwaga ndoo ya mwisho kwenye kile kipande cha udongo kwa kuwa kilikuwa karibu na mlango.

"Mimi sikuwa na habari na mti," alisema baadaye. "Nilikuwa na habari na mgongo wangu."

Mti ukashika. Ukatoa majani, ukanyanyuka, ukafika kifuani mwa mtu mzima. Na Bwana Shimo, aliyeicheka miti ya Mwenyekiti miaka nenda miaka rudi, akaanza kuwahi kazini ili auone kabla hajaonana na watu. Akawa anautoa wadudu kwa vidole. Siku moja mkewe alimfuma ameinama, anaunong'oneza.

"Unaongea na nani, baba watoto?"

"Nakohoa."

Siku tatu kabla ya sherehe, Meneja alitoka nje kukagua, simu mkononi. Alipofika kwenye jiwe akasimama.

"Mzee wangu, hiki ni nini?"

"Mti, bosi."

"Naona ni mti. Unafanya nini hapa?"

"Unakua."

"Unakua! Na Ijumaa Mwenyekiti atapanda wapi?"

Bwana Shimo akajaribu bahati yake. "Si tumwambie wa mwaka jana umeshika, aumwagilie tu?"

"Kumwagilia hakuna picha! Ratiba imeshachapishwa: saa nne kamili, kupanda mti. Mche mpya umeshaletwa. Ng'oa huo."

"Yaani ning'oe mti ili tupande mti?"

"Umenielewa vizuri kabisa," alisema Meneja, wala hakutabasamu. "Nikiukuta Ijumaa, utaondoka pamoja nao."

Jioni hiyo nyumbani chakula kilimpoea mbele yake. Roho ilimuuma hasa, na ilimuuma zaidi kwa kuwa aliona aibu kuumia kwa ajili ya kitu cha majani. Kazi aliitaka, na mti aliutaka. Mkewe alimtazama anavyochezea kijiko, akamhurumia, kisha akacheka.

"Tangu lini wewe ukajali miti?"

"Tangu huu ulipokataa kunisikiliza. Niliuambia utakufa."

"Hebu niambie. Mwenyekiti akija, anafanya nini hasa?"

"Anatupa mabeleshi matatu ya udongo."

"Na mche shimoni anautia nani?"

"Mimi, kabla hajafika. Ana goti bovu."

"Sasa kuna mtu aliyewahi kukuchungulia ukiutia?"

Wakatazamana. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa asubuhi Bwana Shimo alichimba mfereji mwembamba kuuzunguka mti, taratibu, asije akagusa mizizi. Akachana kiriba cheusi, ule mfuko wa kuoteshea miche, akalivisha shina pale chini. Akamwaga udongo mpya pembeni na kuacha rundo la kutosha mabeleshi matatu. Mche wa sherehe ulikuwa stoo, umekaa kimya kati ya mifagio.

"Umeng'oa?" Meneja aliuliza kutoka dirishani.

"Kaone mwenyewe, bosi, udongo bado mbichi."

Meneja akachungulia. "Mbona mche mkubwa hivi?"

"Siku hizi wanaikuza vizuri."

Meneja akaridhika, tena akafurahi, maana mche mkubwa unatoka vizuri kwenye picha.

Saa nne kamili Mwenyekiti akateremka garini. Beleshi la kwanza, makofi. La pili, makofi. La tatu, vigelegele. Mpiga picha akamwomba ainame aushike mti kidogo. Akainama, akaushika, na alipotaka kunyanyuka goti likamgomea, akauegemea kwa uzito wake wote.

Mti ukamshikilia.

Mwenyekiti akashangaa. Akautikisa. Akautikisa tena kwa nguvu. Kisha akamwashiria Bwana Shimo ainame karibu.

"Bwana, huu una mizizi."

"Ndiyo, mheshimiwa." Uongo aliokuwa ameuandaa ulimtoka kichwani wote.

"Nani kaupanda?"

"Wewe mwenyewe. Mwaka jana."

"Na ile mingine?"

"Ilikufa, mheshimiwa. Yote kumi. Ulikuwa unaipanda hapahapa, shimo hilihili."

Sauti ya Mwenyekiti ikawa ndogo. "Wajukuu zangu nimewaambia babu yao ana msitu kazini."

Bwana Shimo alikuwa amemcheka mtu huyu kwa miaka kumi na moja. Leo alimwonea huruma mpaka akashindwa kumtazama. "Msitu haupo, mheshimiwa," alisema. "Mti upo."

Mwenyekiti akanyanyuka, akapangusa suruali, akachukua maikrofoni. Hotuba aliiacha mfukoni.

"Mwaka ujao nikija," aliuliza, "nitapanda wapi?"

"Hapahapa, mheshimiwa!" Meneja akadakia.

"Hapa pana mti."

Watu wakamgeukia Bwana Shimo, kwani kwa habari za mashimo hapakuwa na mtaalamu mwingine. Naye akautazama ule ua, saruji kutoka ukuta hadi ukuta, magari yamejipanga yanameremeta. Mkono, wallahi, ulinyanyuka wenyewe ukaonyesha upande wa kivuli, palipo pazuri kuliko pote.

"Pale, mheshimiwa. Chini ya gari lile jeupe."

"Gari la nani lile?"

Wote walimtazama Meneja.

"Mwaka ujao mbali," alisema Mwenyekiti, akavua koti, akampa mpiga picha amshikie. "Sururu unayo?"

"Ninayo."

"Ilete."

Mfagizi alishaifuata stoo mbio, na Meneja akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta funguo za gari.