Kamba ya Nne

Mume wangu Torquil hapigi picha za watu. Watu, anasema, wanachafua mandhari. Ana koti lenye mifuko mingi kuliko busara ya mvaaji, na kila Oktoba, majani yakigeuka rangi, hunizungusha milima yote ya Uskoti akitafuta kitu anachokiita mwanga. Mwanga wenyewe haufiki. Tunakaa garini tunatafuna mkate wa jana, tunausubiri.

Oktoba hii hatukuwa tumetoka kwa ajili ya picha. Tulikuwa tunakwenda kisiwani kumzika baba yangu. Feri ilikuwa moja, mchana wa Jumamosi, na kesho yake ni Jumapili, siku ambayo kwetu hakuna feri wala maziko, hata nguo hazianikwi. Kwetu jeneza hushushwa kwa kamba nane, kila kamba na mtu wake. Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, nikapewa ya kichwani. Ya nne ilikuwa ya Torquil. Baba aliipanga mwenyewe akiwa kitandani, Mungu amrehemu, kwa mkwe ambaye hakuwahi kumpiga picha hata moja.

Tulipofika kwenye ziwa, Torquil akakanyaga breki.

"Sorcha, hebu ona miti ile! Imewaka yote!"

"Torquil, feri."

"Dakika tano tu, mpenzi."

Barabara ile hupitisha gari moja tu, na hapa na pale imepanuliwa kidogo ili magari yapishane. Hata mtoto anajua hapo hapaegeshwi. Torquil akaegesha, tena katikati kabisa, akashuka hadi ukingoni mwa maji na stendi yake ya miguu mitatu. Akafunika lenzi kwa kioo cheusi ili aiache wazi muda mrefu na maji yatoke laini. Dakika tano zikazaa nyingine.

Mbele likaja lori la magogo. Nyuma likaja gari la Murdo, jirani wa baba, amevaa suti nyeusi. Hakuna aliyeweza kupita. Honi zikalia mpaka kondoo wakakimbia.

Murdo akateremsha kioo. "Binti yangu, mumeo anangoja nini?"

"Mwanga, mzee wangu."

"Mwambie kwamba baba yako yumo kwenye sanduku tangu Jumatano. Na yeye anangoja."

Nilikuwa nimeshazoea kuaibika kwa ajili ya Torquil, lakini hapo nilimchukia. Nikahamia kwenye usukani.

"Usisogeze gari!" akapaza sauti kutoka chini. "Nimeshafungua lenzi! Utaniharibia!"

Nikasogea mbele, Murdo akajibana nyuma yangu, lori likapita, dereva wake akinipungia mkono kwa huruma. Njia ikawa nyeupe. Torquil alikuwa bado ameinamia saa yake, mkono mmoja juu, akinizuia kama polisi wa barabarani. Nikawasha taa, za nyuma zikawaka nyekundu, nikaondoka. Sikutazama kioo cha nyuma.

Feri tuliiwahi, mimi na Murdo. Kaburini nilishika kamba ya kichwani, na ya nne akaishika Murdo. Torquil alifika Jumatatu na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Kumbe picha haikuharibika. Maji yalitoka laini, miti ikatoka ya dhahabu, na kando ya ziwa ukapita uzi mwembamba mwekundu, ukipinda na barabara hadi nje ya picha. Chama chao cha wapiga picha kikaipa nafasi ya kwanza. Mwamuzi akasema uzi ule unaonyesha upweke wa nchi yetu. Torquil akainamisha kichwa, akasema kazi kama hiyo inataka subira.

Sasa imetundikwa sebuleni kwetu, na kila mgeni huuliza uzi ule ni nini.

"Mwanga," Torquil hujibu.

"Ni mimi," nasema nikimimina chai. "Nakwenda kumzika baba."