Kazi Sifuri

Swali la tatu ndilo lililomtoa Kunegunda, mpishi wa shule, jikoni na mwiko bado mkononi. Fausta, binti yake wa kidato cha pili, alikuwa ameingia na karatasi ya jaribio la fizikia, macho yamemvimba, akamtafsiria: Mama Fausta anabeba ndoo ya lita ishirini kichwani, kutoka kisimani hadi jiko la shule, kwenye ardhi tambarare, bila kubadili mwendo. Je, amefanya kazi kiasi gani?

"Na jibu la mwalimu ni lipi?"

"Sifuri, mama."

Kunegunda alidhani hakusikia vizuri. Tangu pampu ife, huu mwaka wa sita, yeye ndiye anayechota maji ya shule hiyo nzima: ya uji, ya maharage, na ya chai ya walimu. Nywele za utosini zimenyonyoka kwa ndoo. Leo anaambiwa sifuri, tena kwa jina, mbele ya watoto arobaini waliocheka mpaka wakalalia madawati. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawa ya moto.

Kicheko angekimeza. Kilichomkaa kooni ni kwamba Fausta aliandika jouli elfu nane, akakosa alama, na kwa upungufu wa alama hiyo moja jina lake likakatwa kwenye orodha ya watakaosoma sayansi kidato cha tatu. Mtoto anayefungua redio mbovu na kuzifunga zikiwa nzima! Sasa apelekwe kukariri tarehe za vita, yeye asiyeshika hata tarehe ya ubatizo wake.

Mwalimu Clinton alikuwa ofisini akipuliza chai. Alikuwa kijana kutoka mkoa mwingine, ana muhula mmoja tu hapa Songea, viatu vyake havijaonja tope.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Hicho unachokunywa kimefikaje hapa?"

Walimu wengine wakainamia madaftari yao ghafla. Clinton akatabasamu, kosa kubwa, kisha akaeleza kwa upole wa kumwelewesha mtoto. Kazi ya kifizikia, alisema, si kazi ya mtaani. Nguvu ya mbebaji inaelekea juu, mwendo unaelekea mbele, kwa hiyo ndoo haifanyiwi kazi yoyote. "Usichukulie vibaya, mama. Ni kanuni."

"Kisimani umewahi kufika?"

"Bado."

"Basi beba ndoo, ukanionyeshe huo utambarare."

Angeweza kukataa. Lakini wenzake walishaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko, akaona aibu, akamfuata. Fausta alitangulia, rula na karatasi yake mkononi.

Kisima kiko bondeni. Njia ya kupandia ni vidato ambavyo Kunegunda mwenyewe alivichimba kwa jembe baada ya kuteleza masika moja na kukaa wiki mbili bila kuinama. Akamwekea Clinton ngata ya kitenge kichwani, akamtwisha, kisha akamfuata nyuma bila neno la huruma. Kufikia kidato cha hamsini shati lilikuwa limeganda mgongoni. Cha tisini, ndoo ilimmwagia sikioni. Cha mia na ishirini aliomba kutua.

"Utue nini?" Kunegunda alifoka. "Kazi yenyewe hujaianza!"

Alitua hivyo hivyo, mara tatu. Huku nyuma Fausta alikuwa akiinama na rula yake, akihesabu kwa sauti: vidato mia mbili, kila kimoja sentimita ishirini. "Mita arobaini kwenda juu, mwalimu. Kilo ishirini, uvutano kumi. Ni elfu nane."

Clinton alikaa chini kwenye nyasi, akapiga hesabu kwenye kiganja, akaipiga tena. Ukweli ulikuwa mbele yake. Akatoa kalamu, akaipokea karatasi ya Fausta, akaikata ile sifuri aliyompa, akaandika alama na kutia saini. "Jina lako linarudi leo. Nilikosea. Niliandika tambarare kwa kukaa kwenye kiti."

Fausta akaruka. Mama yake hakuruka. Alikuwa akitazama mbele, kuanzia mwisho wa vidato, kupitia uwanja wa mpira hadi jikoni, mita mia moja zilizonyooka kama meza.

"Na hapo, mwalimu? Hapo uwanjani nikibeba, ni kiasi gani?"

Clinton alitafuta pa kujificha, akakosa. "Hapo, mama, kwa fizikia... ni sifuri."

"Una uhakika?"

"Kanuni ndivyo inavyosema."

"Haya."

Kesho yake asubuhi chai ya walimu ilichelewa. Mkuu wa shule alipotoka kuuliza kulikoni, alikuta ndoo kumi na mbili zimejaa, zimepangwa mstari mmoja kwenye kidato cha juu kabisa, ng'ambo ya uwanja. Kunegunda alikuwa ameketi jikoni, miguu ameinyoosha, anapuliza moto chini ya sufuria tupu.

"Kazi nimeshamaliza," alisema. "Hicho kipande kilichobaki si kazi. Waulize walimu."