Sauti ya Mukonyo

Mukonyo alirudi Voi baada ya miaka ishirini na sita ya kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu huko Marekani. Pesa zake za kustaafu zilibaki kule, kwenye akaunti aliyoshindwa kuifungua akiwa Kenya. Kila alipojaribu, nambari ya siri ilitumwa kwa laini ya simu aliyokuwa ameshaiacha. Kampuni iliyotunza akaunti hiyo ilimwambia atume nakala ya pasipoti iliyothibitishwa na wakili, kisha asubiri, pengine miezi. Naye alikuwa ameshakubaliana na watu wa kuchimba kisima shambani Marungu.

Ndipo alipomwambia bintiye Wendy, aliyezaliwa na kubaki kule, "Wewe piga ukiwa huko, ujifanye mimi, maana simu ya Kenya wanaikataa. Maswali yao yote unayajua."

Wendy alisita. "Mum, si wewe ulinifundisha nisidanganye?"

"Ni pesa zangu mwenyewe. Unamwibia nani?"

Siku ya kupiga, Mukonyo aliketi barazani na Ndanu, mke wa kaka yake, wakichagua pojo kwenye ungo. Wendy alikuwa amemuunganisha kwenye simu hiyohiyo, naye akaiweka yake kwa sauti kubwa mezani, ili binti akikwama amsaidie.

Mhudumu wa kampuni akauliza anaongea na nani. Wendy akajibu, lakini si kwa Kiingereza chake. Alikokota maneno, akatia n mbele ya kila d, akaomba msamaha kabla hajakosea, na kila jibu akalimaliza kwa kicheko kidogo cha kujishusha.

Ndanu aliinua kichwa. "Huyo si wewe? Mbona uko hapa na unaongea huko?"

Mukonyo alihisi uso ukimchoma. Kicheko kile alikijua. Ndicho alichowachekea mameneja, makeshia, walimu wa Wendy. Kumbe mtoto aliyesimama kando yake miaka yote hiyo alikuwa anakisikia. Sasa mhudumu naye alianza kusema polepole na kwa nguvu, kama anayemwelekeza mtu mzito wa kuelewa, na Wendy akamwitikia "ndiyo, asante" kila mara.

Mukonyo akainamia simu. "Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Mukonyo ni mimi. Niko Kenya. Huyo ni binti yangu, na ni mimi nilimtuma."

Mhudumu akasema kwa adabu kwamba akaunti itazuiwa hadi hati zake zifike. Akakata.

"Mum, nilikuwa nimebakisha kidogo tu," Wendy alisema, sasa kwa sauti yake.

"Hivyo ndivyo ninavyoongea?"

Wendy akasema, "Sikuwa nakucheka."

"Najua."

Hilo ndilo lililomuuma. Hapakuwa na dhihaka, na hata haki ya kukasirika hakuwa nayo, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Alimuaga bintiye, akavuta ungo, akaendelea kuchagua pojo huku ameinamisha uso, Ndanu asimwone.

Kesho yake alipeleka pasipoti kwa wakili mjini, na watu wa kisima akawaambia wangoje. Pesa zilifika baada ya mvua za vuli, kisima kikachimbwa, maji yakapatikana.

Wendy bado hupiga kila Jumapili. Mukonyo humjibu kwa maneno machache, akilipima kila moja kabla ya kulitamka. Wendy humuuliza kama mtandao unasumbua, naye husema ndiyo, leo unasumbua sana.