Sanduku la Kumlaza Bi Sada

Mwaka uliotangulia, mzee Huseni alipougua kifua, alipelekwa Mbeya juu ya magunia ya ulezi, amefunikwa turubai, upepo wa Ufipa ukimchapa na vumbi likimjaa mdomoni. Hakufika. Kwa hiyo mkewe, Bi Sada, alipoteleza uani akavunjika nyonga, na mganga wa Sumbawanga akasema mfupa ule wa kuungwa Mbeya, tena upesi, mwanawe Yunusu aliapa kwamba mama yake hatasafiri namna ile.

Pikapu ya duka lao ilikuwepo. Mahali pa kumlaza mgonjwa hapakuwepo. Alichokipata Yunusu ni sanduku kuukuu la bati, refu kama kitanda, lililokuwa likikaa mgongoni mwa gari la mafundi wa barabara. Ubavuni lilikuwa na makabati ya spana na jeki, na nyuma mlango mmoja uliofungwa kwa komeo la nje. Lilikuwa limetupwa majanini nyuma ya karakana, kuku wakitaga ndani yake.

Alimwita Leonardi, seremala wa kijiji cha Pito. Walilisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka harufu ya grisi ikapungua. Wakang'oa makabati ya upande mmoja, wakaweka kitanda chembamba cha mbao, wakakikaza kwa skrubu kisicheze. Makabati ya upande wa pili waliyaacha yatunze mablanketi, birika na vikombe. Leonardi akaongeza ubao wa kukunja wa kuwekea chai. Kikawa chumba kidogo, cha kulala na kula humo humo, wakakipandisha mgongoni mwa pikapu.

Ikabaki mianya, na hapo kila mmoja alifuata alivyolelewa. Yunusu alikulia kwenye duka la nguo. Alijua robota la nguo linalosafiri kiangazi huzibwa kila upenyo, maana vumbi likipata njia hata ya sindano, khanga hufika zimeharibika. Kwa akina Leonardi, kihenge cha kuhifadhia ulezi hukandikwa udongo mpaka mdudu akose pa kuingilia. Basi wakaziba kwa matambara na nta ya nyuki, huyu akimsifu yule. Walikuwa wametoboa tundu moja mbele ili kamba itoke kitandani, ipite dirisha la nyuma la dereva, ifungwe mkononi mwa Yunusu. Mgonjwa akitaka gari lisimame, avute. Hata tundu hilo walilipaka nta. Walijaribu kamba adhuhuri, jua likiwaka. Iliteleza vizuri kabisa.

Asubuhi ya safari ilikuwa ya Julai, majani meupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Bi Sada alipoingizwa, alitazama kuta huku na huku.

"Mnanipeleka Mbeya, au mnaniuza kwa jumla?"

"Wewe ni wa rejareja, mama," Leonardi alimjibu. "Hakuna mwenye fedha ya kukununua mzima."

Bi Sada alicheka, kisha akasema bati lile baridi yake inaingia mifupani, akataka jiko. Kulsumu, mke wa Yunusu, ambaye angekaa naye, alileta jiko lenye makaa mekundu akaliweka karibu na mlango. Yunusu alifurahi kuona mama yake atasafiri na joto. Akafunga mlango, akasukuma komeo.

Waliondoka. Kila walipopita korongo Yunusu alisubiri kamba imvute mkono. Haikuvuta. Alimwambia Leonardi, aliyekaa pembeni yake, kwamba kitanda kimemfaa mama. Leonardi akasema kitanda cha Pito hakijawahi kurudishwa na mteja.

Kabla ya kufika Laela gurudumu liliingia shimoni, gari zima likaruka. Yunusu akajikunyata akisubiri matusi. Bi Sada hakuwahi kuvumilia mtikisiko. Alikuwa akimgombeza hata alipoendesha baiskeli. Palikuwa kimya.

"Amelala," Leonardi alisema.

Yunusu alipunguza mwendo, akavuta kamba kwa upande wake, taratibu, kumwamsha. Kamba haikusogea. Akavuta kwa nguvu, ikawa kama imepigiliwa msumari ukutani. Nta ilikuwa imeganda kwa baridi, ikaikamata.

Alikanyaga breki, akaichomoa kamba mkononi. Walikimbilia nyuma wote wawili. Vidole vya Yunusu vilisahau komeo linavyokwenda. Leonardi alimsukuma kando akalipiga kwa ngumi. Mlango ulipofunguka, Kulsumu alianguka miguuni pao. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kuvuta kamba na kupiga bati, ngurumo ya gari ikimeza kelele zake. Hewa iliyomfuata ilikuwa nzito, ya moto, yenye kuumiza kichwa.

Yunusu alipanda, akalipiga jiko teke nje, akambeba mama yake bila kukumbuka nyonga. Wakawalaza majanini, upepo ukiwapiga usoni. Kulsumu akatapika, akalia. Bi Sada hakufanya lolote. Yunusu alimsugua mikono, akamwita mama, akamwita Sada kwa jina kana kwamba ni mtoto wake. Midomo ya mama ilikuwa mikavu na haikutikisika. Leonardi alipiga ishara ya msalaba, kisha akaona haya akageuka.

Ndipo kifua kikapanda. Kikatulia, kikapanda tena.

Leonardi alisema warudi Sumbawanga, mama hawezi tena. Yunusu aliutazama mguu uliovimba, akajua wakirudi hautaungwa. Bi Sada ndiye aliyefumbua macho akasema, sauti ikikwaruza.

"Nani alifunga mlango?"

"Mimi, mama."

"Ung'oe."

"Vumbi litakujaa, mama," Leonardi alisema.

"Lije. Nitalipangusa."

Waliung'oa, wakauacha kando ya barabara. Leonardi akatoboa bati pande zote kwa patasi yake nzuri mpaka makali yakaisha. Kulsumu alikataa kukaa ndani. Aliketi mlangoni miguu ikining'inia, mkono mmoja umeshika kifundo cha mama mkwe, na hakumtazama mumewe hata alipopewa maji.

Wahudumu walipoishusha machela kwenye baraza la hospitali ya Mbeya, Bi Sada alikuwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele hadi kucha, akiwagombeza wabebaji washike sawasawa. Yunusu alitaka kwenda kusaidia. Alifungua mlango wa gari, akatoa mguu mmoja, kisha akaketi tena kitini. Akabaki pale, akiisikiliza sauti ya mama yake ikiingia ndani ya jengo.