Herufi za Pindoni

Ungetaka kujua Bi Mwatum alikuwa mtu wa namna gani, ungewatazama kuku wa mtaa wa Kikwajuni: hata wao walipita mlangoni kwake mbio. Alikuwa mkunga, na mikono yake ilisifiwa mpaka mashamba, lakini ulimi wake, Mungu atusamehe! Blandina, mjane aliyeishi mlango wa pili, aliuonja ulimi ule miaka tisa. Mara moshi wa jiko lake unaingia kwa watu, mara nguo zake zinadondosha maji uchochoroni, mara nyimbo zake za kanisa zinamnyima mtu usingizi wa mchana.

Blandina naye hakuwa malaika, tusidanganyane. Alisomeshwa na masista wa misheni, na mtaa mzima ulimletea barua awasomee. Akimaliza, alivua miwani taratibu kama karani wa korti. Siku moja, wamejipanga kuteka maji mferejini na ndoo zao, alisema kwa sauti, "Bi Mwatum nimlaumu nini mie? Mtu mwenyewe hajui hata kusoma." Maneno yalimfika mwenyewe siku ile ile.

Blandina alipokwenda kuyatubu kanisani Mkunazini, padri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia asirudi pale kusema kwa mdomo tu kwamba anampenda jirani yake. Ampelekee kitu, kwa mkono wake mwenyewe, tena kitu ambacho angetamani kubaki nacho.

Blandina akafungua kasha, akatoa doti ya kanga nyekundu aliyoachiwa na marehemu mama mkwe wake. Ilikuwa haijavaliwa hata siku moja. Pindoni palikuwa na herufi za Kiarabu, mtindo wa zamani. Hakuweza kuzisoma, ila kwake herufi zozote za namna ile zilikuwa dua, akaona zawadi imempata mwenyewe. Bi Mwatum aliipokea, akaikunjua, akalitazama pindo kwa muda. Midomo ikamcheza. "Ahsante," alisema, akafunga mlango.

Tangu hapo, kimya. Hakumgombeza wala hakumtukana, alimpita kama anapita ukuta. Kimya kile kilimtisha Blandina kuliko matusi ya miaka tisa, kwa sababu binti yake Felista alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, mume yuko safarini melini, na mtoto wa kwanza walikwisha kumzika. Kila asubuhi Blandina alijiuliza amekosa nini, na kila asubuhi aliogopa kwenda kuuliza.

Uchungu ulianza Jumanne mchana, mvua ya masika inamwagika, barabara ya kwenda hospitali maji magotini. Felista alishika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili.

"Mama, nimegusa," alisema. "Ni mguu."

Blandina alitoka bila viatu.

"Hodi! Hodi, Bi Mwatum! Shikamoo!"

Mlango ulifunguka nusu. Marahaba haikutoka.

"Felista, bibi. Mtoto katanguliza mguu. Nnakuomba."

Bi Mwatum aligeuka akaingia ndani. Blandina alidhani amekwenda kuchukua vifaa vyake, akamshukuru Mungu mapema mno. Yule mzee alirudi na kanga nyekundu, akalitandaza pindo mbele ya macho yake.

"Nisomee."

"Bi Mwatum, mtoto..."

"Nisomee, msomi wewe! Si umeniletea kwa mkono wako?"

Blandina alijua kubuni, maana mara nyingi alibuni palipofifia wino katika barua za watu. Alivitazama vile vitone na mikia, akasikia ukelele wa Felista ukipenya mvua.

"Sijui kusoma," alisema.

"Nini?"

"Sijui kusoma, Bi Mwatum. Nilidhani ni dua."

Bi Mwatum alimkazia macho. "Imeandikwa, 'Jirani gani wewe? Nimekuchoka.' Mie nshahitimu Msahafu kabla hujazaliwa. Ukanitangaza mferejini kuwa sijui kusoma, kisha ukaniletea na barua!"

"Ya mferejini niliyasema, na niliyakusudia. Nisamehe. Haya ya kanga, Mungu shahidi, sikuyajua."

Mabega ya Bi Mwatum yakaanza kutikisika. Blandina alidhani analia, kumbe anacheka. "Yarabi! Kumbe tumo humu wajinga wawili, ukuta mmoja!" Tayari alikuwa amejifunga kanga ile kiunoni, na chupa ya mafuta iko mkononi. "Wasimama nini? Maji ya moto!"

Chumbani kwa Felista aliyakosoa maji, akaukosoa mkeka, akamkosoa Blandina mwenyewe. "Toka! Woga wako unamtia mwenzio baridi."

Blandina akakaa ukumbini, ameshika magoti. Alitaka kumwombea Felista, lakini sala iliyomtoka ilikuwa ya kuiombea mikono ya Bi Mwatum, isichoke, isiteleze. Miaka tisa jina lile halikuingia katika sala zake ila kama mashtaka.

Felista akanyamaza. Hakuna aliyelia wala kusema, na mvua ikawa peke yake. Blandina alisikia kofi dogo, kisha jingine.

Ndipo mtoto akalia.

"Na wewe nani kakufunza?" Bi Mwatum alikuwa akimfokea kichanga. "Waingia kwa watu mguu mbele, hata hodi hupigi!"

Blandina aliegemea ukuta akalia na kucheka pamoja. Alimpenda mzee yule, jamani, hivyo hivyo alivyo, na akakimbilia ndani kabla hajatukanwa tena.